Sauti Iliyobaki Nje

Nilitoka kufuata kibodi tu. Steshenari ya dada Esta hufungwa jua likizama, na alikuwa ameniahidi ile ya zamani yenye plagi ya duara, ambayo kompyuta za siku hizi haziitaki. Mimi ni fundi simu hapa Rujewa. Kibovu cha wengine ndicho mtaji wangu.

Kibodi ilikuwa kwa ajili ya baba.

Baba yangu, mzee Eliezeri, alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga miaka ishirini, na Jumapili alisoma matangazo kanisani bila kipaza sauti. Mwezi wa tatu, magharibi, alisikia mtu anamwita nyuma ya rundo la pumba. Kwetu hata mtoto mdogo anajua: ukiitwa magharibi na mtu usiyemwona, huitikii. Baba aliitika. Alfajiri hakuwa na sauti, na mkono wa kulia ulikuwa umekufa.

Hospitali walisema kiharusi. Jirani yetu, mama Veneranda, alisema sauti imechukuliwa. Mimi nilisema vyovyote vile, baba ataongea.

Nikapita mashineni na kibodi kwapani. Pumba zilikuwa zinafuka moshi. Sikugeuka nyuma, na siyo kwa woga, nilikuwa na haraka tu. Haya, na woga kidogo.

Nyumbani nilipanga vitu mezani: kibao kidogo cha Arduino, ambacho ndicho ubongo wa kazi yote, skrini ya mistari miwili, pawabenki. Nikakata plagi ya kibodi, nikamenya nyaya na kuziunganisha na kibao, moja baada ya nyingine. Baba alinitazama kutoka kwenye kiti chake. Mama Veneranda alikuja kuomba kiberiti, akabaki amesimama.

Nikawasha.

Herufi zikaanza kumwagika kwenye skrini. Hakuna aliyegusa kitufe.

"Yesu wangu! Faustina, zima! Wameingia!"

"Nani, mama? Nimesahau waya wa hasi."

Nikauchomeka. Skrini ikatulia. Mama Veneranda hakucheka hata kidogo, alichukua kiberiti akaondoka upesi. Nikafunga mlango, maana giza lilikuwa linaingia, nikamsogezea baba kibodi.

"Baba, andika chochote."

Kidole cha mkono wa kushoto kikasogea juu ya vitufe. Hapo nikasikia harufu... Pumba zinaungua. Ndani ya chumba.

Kisha, nje ya mlango:

"Faustina."

Sauti ya baba.

Ile ile nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni. Miezi minane sikuwa nimeisikia. Nikamtazama baba. Midomo imefumbwa. Machozi yanamtiririka.

"Faustina, mwanangu... nimerudi. Nifungulie."

Sitadanganya: niliitaka sauti ile kuliko kitu chochote. Nikajikuta mlangoni, mkono kwenye komeo, mdomo umefunguka wenyewe.

"Abe..."

Tak. Tak. Tak.

Vitufe, nyuma yangu. Nikageuka.

SI MIMI

Kidole kikaendelea, polepole, kama mtu anayepanda mlima.

NIKO HAPA

Nikafumba mdomo. Neno likabaki nusu.

"Nifungulie," sauti ikanong'ona, sasa kwenye tundu la kitasa. "Hutaki baba yako aongee?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Miezi minane namlisha, namwogesha, nabahatisha anachotaka, halafu mwizi anakuja kunipigia kelele kwa mali ya wizi! Sikumjibu. Nilimgeukia baba, nikasema kwa nguvu ili kila mwenye masikio asikie:

"Baba, huyu mgeni tumfanyeje?"

Tak. Tak.

ABAKI NAYO

Nikaacha komeo. Nilikaa chini karibu na baba, tukaandika. Nje kuliita, kukabembeleza, kukanyamaza. Baba hakuinua hata jicho. Jambo lake la kwanza lisilomhusu mgeni, baada ya kimya chote kile, lilikuwa hili:

CHAI YAKO HAINA SUKARI

Nilicheka mpaka nikalia. Miezi minane nilimpa chai isiyo na sukari nikidhani ndiyo anayoipenda.

Asubuhi palikuwa na nyayo za pumba mpaka kizingitini. Za kuja tu. Kasian, fundi wa mashine, anasema ni mhuni mwenye simu. Nusu ya waumini walirekodi matangazo ya baba. Huenda. Ila kanisani baba hakuwahi kutangaza "nifungulie".

Juzi magharibi sauti iliita tena nje. Baba aliinua kichwa, nami nikaacha mwiko ndani ya ugali.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa yangu.

"Abe... abe... abe..."

Ile nusu niliyoiacha mlangoni. Tangu siku ile neno hilo halinitoki zima. Mengine yote ninayo, ninaongea na kutukana vizuri kabisa, lakini nikiitwa, hilo moja linakatika katikati.

Basi, iite mpaka ichoke. Baba akinihitaji hugonga kitufe, na jina langu hutokea kwenye skrini. Siitikii. Nainuka, nakwenda.