Gauni la Mama wa Mtu Mwingine

Jumapili, tarehe nane Machi, mwaka 2015, ilikuwa Siku ya Mama kwa desturi ya watu wa mji wa Plovdiv, na katika barabara yake kuu hapakuwa na mahali pa kutia unyayo. Wanaume walibeba maua kama watu waliobeba mayai. Wanawake walipita wakinukia marashi mapya, nyuzi nyekundu na nyeupe za kuukaribisha mwezi wa Machi zikiwaning'inia mikononi, na kila mkahawa ulikuwa umetoa viti nje kulipokea jua.

Nevena alikuwa amemshika mama yake mkono tangu walipoteremka kwenye basi. Hakumshika kwa upendo peke yake. Alihofu kwamba akimwachia, mama atageuka arudi nyumbani. Mama huyo, Zdravka, alikuwa mjane wa miaka mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuvaa ila nyeusi: sketi nyeusi, fulana nyeusi ya sufi, hata leso ya kupengea mafua ilikuwa nyeusi. Nevena alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu asiyeolewa, na asubuhi hiyo alikuwa amejiapiza mambo mawili: mama atakula mezani pa watu, na mama atatoka dukani na nguo yenye rangi.

"Neve, miguu inaniuma," alisema Zdravka walipoingia dukani.

"Haikuumi, mama. Ingekuuma ungekuwa umeshakaa kwenye kile kiti."

"Kimekaliwa."

"Basi simama kidogo, mrembo wangu. Tazama hili la kijani."

"Mimi nivae kijani? Watu watasema nimechoka kumlilia baba yako."

Kabla Nevena hajajibu, sauti ya kiume ilisikika nyuma yao. "Samahani, mama. Naomba nikusumbue kidogo."

Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la ngozi lililopauka viwikoni, na kidevu alichokinyoa kwa pupa mpaka akajikata. Mkononi alishika gauni la buluu iliyoiva, lenye kola nyeupe.

"Mama yangu ana umbo kama lako kabisa," alisema. "Magoti hayamruhusu kuja mjini. Ungenijaribia hili nione linavyokaa?"

"Kaka," Nevena aliingilia, "mama yangu si sanamu ya dukani."

"Naona. Sanamu haina binti mkali."

Zdravka, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, alilipokea gauni. "Wacha nimsaidie mwenzangu," alisema, akaingia nyuma ya pazia.

Alipotoka, Nevena alisahau alichotaka kusema. Buluu ile ilikuwa imeurudishia uso wa mama yake damu. Shingo iliyofichwa miaka mitatu ilionekana, na mama mwenyewe alijigeuza mbele ya kioo taratibu, kama anayemsalimia mtu aliyepotezana naye. Mwanamume yule alimtazama, macho yakamlenga machozi.

"Limekukaa, mama," alisema, akageuka upesi.

Nevena aliyaona machozi yale akaupenda moyo wa mtu yule. Ndivyo mapenzi yanavyoanza mara nyingi: tunaona jambo la kweli na kulipa sababu isiyo yake.

Kioo kikamaliza kazi. Zdravka alilitaka lile la kijani mwenyewe, akakataa hata kulivua, na sketi nyeusi ikaingia mfukoni. Na walipofika mlangoni ni yeye aliyegeuka: "Baba, unaitwa nani? Lyuben? Haya Lyuben, mtu hanivishi gauni kisha akaenda zake na njaa. Binti yangu ameweka meza."

Mkahawani wakala mandazi ya moto yaliyopakwa jamu ya plamu, jibini, mayai na mtindi. Lyuben alikuwa fundi wa lifti.

"Kwa hiyo kazi yako ni ya kupanda na kushuka," Nevena alimtania.

"Na yako ni ya kuwatia watu meno wapate kuwang'ata wenzao."

"Yangu mwenyewe ninayo bado. Angalia."

"Nimeshayaona dukani, kipenzi. Nilidhani sitatoka salama."

Zdravka alicheka mpaka mtindi ukamwingia puani.

Tangu siku hiyo simu haikutulia. Lyuben alipiga akiwa juu ya paa za majengo na chini ya mashimo ya lifti, sauti ikikatika na kurudi.

"Uko wapi sasa?"

"Kati ya ghorofa ya nne na ya tano, nakuwaza wewe."

"Niwaze ukishatia miguu chini, mpenzi. Sitaki kuwa mjane kabla ya harusi."

"Umesema harusi."

"Sikusema. Mtandao mbaya."

Mwisho wa mwezi Lyuben aliwaalika wote wawili kwa mama yake. Mama Bonka aliishi katika jengo la zamani ng'ambo ya mto. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa. Aliwapa kahawa na keki ya jozi, akawauliza umri wao bila haya. Kisha, kama wanavyofanya wazee wa huko wakishampenda mgeni, akataka kuwaonyesha kabati lake.

"Mama, acha," alisema Lyuben. Uso ulikuwa umembadilika.

"Niache nini? Hawa si watu wa nyumbani?" Bonka alivuta mfuko mkubwa kutoka rafu ya chini, akaufungua kitandani. Taulo jipya. Soksi mpya. Viatu vyepesi ambavyo havijakanyaga ardhi. Mshumaa. "Kila kitu nimeweka tayari, mwanangu asihangaike siku hiyo. Lililobaki lilikuwa gauni, na hilo amenichagulia yeye Siku ya Mama. Tazameni uzuri wake. Kwa hili hata Mtakatifu Petro atanifungulia bila kuniuliza."

Akalitandaza juu ya vile vitu. Lilikuwa la buluu iliyoiva, lenye kola nyeupe.

Kila mwanamke wa nchi ile anajua kwamba nguo ya kuzikiwa haivaliwi na mtu aliye hai, hata kwa kujaribu. Aivaaye ameshaonyesha kifo kipimo cha mwili wake. Zdravka aliweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa. Akashukuru kwa kahawa. Akavaa koti juu ya gauni lake la kijani, akateremka ngazi akishika ukuta.

Nevena alibaki nyuma kwenye korido. "Ulijua?" alimuuliza Lyuben kwa sauti ya chini.

"Nilijua."

"Ukamvisha mama yangu."

"Neve, nisikilize. Mama yangu aliniagiza mwenyewe, Siku ya Mama, unielewe? Wenzangu wanawanunulia mama zao maua, na mimi nanunua nguo ya kumzikia wangu. Nikamwona mama yako pale. Nilitaka kuliona mara moja tu juu ya mtu anayepumua."

"Sasa umeshaliona," alisema Nevena, akamfuata mama yake.

Asubuhi iliyofuata Zdravka alikuwa amevaa nyeusi. Gauni la kijani lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, na kando yake kulikuwa na taulo jipya na soksi mpya.

"Mama, hizi za nini?"

"Bonka ana akili. Mtu ajiandae."

"Huumwi popote."

"Bado."

Siku zile zilimzeesha Nevena. Mama alikula vijiko viwili vya supu akasukuma sahani. Presha ilipanda. Daktari alimpima moyo, akamwongezea dawa, akasema hakuona jambo la kutisha. Lakini daktari hupima moyo, hapimi kinachousukuma. Kazini Nevena alimtengenezea mteja jino la upande usio wake. Kila alipoingiza ufunguo mlangoni alisimama kwanza, akasikiliza kama ndani kuna mtu anayetembea.

Lyuben alipiga simu, akapiga tena. Alipopokelewa, sauti ya Nevena ilikuwa kavu.

"Anaendeleaje?"

"Anachagua picha ya kubandikwa mlangoni siku akifa. Ndivyo anavyoendelea."

"Nije nizungumze naye."

"Utamwambia nini, Lyuben? Kwamba ulisahau kumwambia? Kama ungesema neno moja pale dukani, angekukatalia, ukaenda zako, na mimi ningekuwa na mama."

"Ningekuwa sina wewe."

"Huna hata sasa. Usinipigie tena, tafadhali."

Akakata. Kisha akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kufungulia maji ya bomba, ili mama asimsikie.

Ikafika Jumapili ya Matawi, mwanzoni mwa Aprili, sikukuu ya kila mwenye jina la ua au mti. Zdravka na Nevena wote wana majina ya maua, na sikukuu ya jina haina mwaliko: mlango huachwa wazi, ajaye huingia, na kumfukuza mgeni siku hiyo ni aibu isiyosemeka. Nevena alikaanga samaki, akaweka mlangoni tawi la mwerebi, mti wa sikukuu hiyo, akatandika meza yenye mikate, saladi na mvinyo mwekundu. Majirani walikuja asubuhi, wakaona rangi ya Zdravka, wakaondoka mapema. Mama aliketi kichwani pa meza katika nyeusi yake, mikono mapajani, sahani yake safi.

"Kula hata mkia wa samaki, mama. Ni sikukuu yako."

"Nitakula baadaye."

Ndipo likasikika tangu ghorofa ya chini zogo la mtu mzito anayepanda ngazi na kuzitukana zote. Jengo lao halikuwa na lifti.

"Fundi wa lifti gani huyu," sauti ilisema, "anayenipeleka kwenye nyumba yenye ngazi."

Mlangoni alisimama Bonka, amemwegemea mwanawe, jasho likimtiririka. Alikuwa amelivaa gauni la buluu.

Zdravka aliinuka nusu, akajishika kifua. Nevena alimkimbilia. "Mtoe," alimwambia Lyuben. "Mtoe mama yako sasa hivi."

"Simtoi," alijibu Lyuben, amepauka kama Nevena mwenyewe. "Nilimkataza tangu jana. Amesema nisipomleta atakuja kwa magoti."

"Heri ya jina, warembo," alisema Bonka, akajitupa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Zdravka, nitazame mimi, usiangalie ukuta. Nimetoka kwangu na hili gauni. Nimepanda nalo basi. Nimelitolea jasho kwapani. Kanisani nimelikanyaga pindo."

"Umejivisha kifo," alisema Zdravka kwa sauti iliyokauka.

"Kama kimo humu, basi kianze na mimi, mwenye gauni. Wewe subiri zamu yako." Akavuta glasi ya mvinyo mwekundu, akaiinua kama anayetaka kunywa, kisha akaimimina yote mapajani mwake, polepole, bila kupepesa macho.

Mvinyo ulienea juu ya buluu, ukafika kwenye pindo, ukadondoka sakafuni. Nevena alisikia matone yakianguka.

"Haya," alisema Bonka, na sasa midomo ilikuwa ikimtetemeka. "Hakuna padri atakayenizika na nguo ya mlevi. Gauni la kuzikiwa limekwisha. Limebaki gauni la kulia samaki."

Nevena aliutazama uso wa mama yake, na katika maisha yake hakuwa amewahi kuutazama hivyo: kama mtu anayetazama mshumaa kwenye upepo.

Zdravka alikodolea doa macho. Likapanuka. Likakaribia kitambaa cha kiti.

"Chumvi," alisema.

"Nini, mama?"

"Lete chumvi, Neve, unasimama kama nguzo. Na maji baridi, yasiwe ya moto, ya moto yanaliivisha doa." Alikuwa tayari ameinuka, amezunguka meza, amepiga magoti mbele ya Bonka na kulishika lile gauni kwa mikono miwili. "Mwanamke mzima, akili huna. Kitambaa kama hiki. Nililivaa mimi, najua lilivyo laini. Wewe umelifanya dekio."

"Sugua, dada, sugua. Ila taratibu, huko chini kuna magoti yangu."

"Ningeyavunja hayo magoti."

"Yameshavunjika. Umechelewa."

Zdravka alitoa sauti ambayo Nevena, kwa hofu, hakuitambua mara moja. Alikuwa anacheka. Alicheka akisugua, machozi yakidondoka juu ya chumvi, na Bonka akamshika kichwa kama mtu anavyomshika mdogo wake. Aliponyanyuka, Zdravka alijifuta mikono kwenye sketi, akaketi, akavuta sahani ya samaki.

"Wamepoa," alilalamika, akala.

Nevena aliondoka mezani akasimama dirishani. Lyuben alimfuata, akakomea hatua chache nyuma yake.

"Sikuja ili mama yangu aniombee msamaha," alisema. "Nilinyamaza pale dukani kwa sababu niliona haya kusema kwamba naogopa atakufa. Nikakupa wewe hofu yangu uibebe. Nisamehe."

"Bado naogopa," alisema Nevena bila kugeuka. "Mama zetu wote wawili ni wazee, Lyuben. Hata bila gauni."

"Najua. Nataka tuogope pamoja, nyumba moja. Nioe... yaani, nikuoe. Nimelisema vibaya."

"Umelisema vibaya sana."

"Nirudie?"

"Usirudie, mpenzi. Utaharibu." Akageuka, akauweka uso wake kwenye koti lile la ngozi lililopauka. "Nimekubali."

"Semeni kwa sauti," Bonka aliita kutoka mezani, "sisi huku hatusikii vizuri."

"Wamekubaliana," alisema Zdravka, akitoa mwiba wa samaki mdomoni. "Nimesikia mimi. Lete mkate, Neve."

Nawe uliyeisoma hadithi hii mpaka hapa, usiifungie kabatini. Msomee mama yako wakati mnakula, au mpe jirani ambaye bado ana mama; naye akimaliza, ampe mwingine.