Ukuta wa Nyuma ya Ofisi

Kilima kiliibwa asubuhi, kikaachwa palepale kilipo.

"Mmeniita nitafute kilima?" Inspekta aliuliza. Alikuwa mwanamke mfupi. Kikosini walimwita Kisoda, na aliyemcheka alicheka mara moja tu.

"Picha zake, afande," alisema binti wa kompyuta, macho yamevimba kwa kulia. Mashine yake ilifundishwa kutazama picha za mandhari na kuzipa alama: bonde hili lilindwe, lile lijengwe. Jana folda ya kilima ilikuwa na picha mia mbili nzuri. Leo ilijaa picha za takataka, na mashine, maskini, ikatoa alama tisa kwa mia. Saa nane mchana kamati ingekaa. Kwa alama tisa, wachimba kokoto wangeruhusiwa kukilipua.

"Nani ana nywila?"

"Watatu. Mimi, mkuu wa ofisi, na mzee mpima aliyepiga picha zile."

"Na lawama?"

"Zangu zote. Barua ya kunifukuza imeshaandikwa."

Mkuu wa ofisi aliingia, kitambi kimetangulia. "Nani mwingine anayeyajua madude haya? Mkamate tumalize!"

"Bosi, kukamata ni kazi yangu."

Inspekta alizikagua zile picha. Zote zilionyesha jalala, na chini kabisa ya kila picha ukingo wa juu wa ukuta wa matofali.

"Hapa ni wapi?"

"Nyuma ya ofisi."

Akatoka hadi uani, nao wakamfuata. Penye ukuta palikuwa na tope lenye nyayo za viatu tu, hakuna alama ya ngazi wala kiti. Akajinyoosha, akaona matofali. Akamsimamisha binti hapohapo, naye akaona matofali. Mkuu akarukaruka mpaka akahema. Matofali! Inspekta akacheka kwa sauti. Ufupi uliomtesa tangu shuleni leo ulikuwa umemfaa.

"Kati ya watatu amebaki mmoja. Niitieni mpima."

Mzee akainama kuupita mlango wa uani, kama alivyoinama miaka thelathini.

"Shikamoo, mzee. Ng'ambo ya ukuta unaona nini?"

"Marahaba. Naona jalala," akajibu bila kuinua kisigino.

"Picha za kilima umezifuta?"

"Nizifute!" Akawaka. "Picha za kilima nilichokipanda kwa miguu hii, nizifute?" Akatoa flashi mfukoni; picha zote zilikuwemo.

"Kwa nini, mzee?"

"Zamani kamati ilikuwa ikiniuliza mimi. Sasa inauliza sanduku. Nilitaka liumbuke mbele yao, kisha nisimame na picha halisi. Kilima kisingeguswa, haki ya Mungu."

"Na mimi je, baba?" binti aliuliza. "Unadhani mashine niliifundisha kwa kutumia nini? Kwa madaftari yako! Alama ulizotoa miaka yote thelathini. Haina jicho jingine ila lako."

Mzee akalia kwa sauti, mkono usoni.

Saa saba na nusu picha zilirudishwa. Mashine ikatoa tisini na moja. Kwenye daftari la mzee, kilima kilikuwa na tisini.

Saa tisa vigelegele vilipasuka ukumbini. Mkuu aliichana barua yake mbele ya watu wote, na binti akabebwa juujuu kama bibi harusi. Inspekta akatoka mbio hadi kwenye gari la polisi, alikosimama mzee na pingu zake.

"Wamekataa?" mzee aliuliza.

"Wamekataa! Hakuna atakayekigusa."

"Ashukuriwe Mungu. Basi nipeleke."

"Ingia, mzee. Uiname tu."

Akainama, akicheka huku machozi yakimtoka.