Kitambaa cha Rauta

Katika nyumba ya akina Najwa, mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, hakuna kitu kilichokaa uchi. Viti vilivaa vitambaa, meza ilivaa kitambaa, na televisheni nayo ilikuwa na chake chenye maua ya pinki. Hata redio ya marehemu babu, ambayo haikuwa imetoa sauti kwa miaka minne, ilifunikwa vizuri isipate vumbi. Vitambaa vyote vilifumwa na Mama, Bi. Kuluthum, ambaye hakuweza kukaa kitako bila sindano na uzi. Baba alipenda kumtania kwa hilo. "Siku moja nitasinzia hapa kwenye kochi," alikuwa akisema, "niamke nimevishwa kitambaa kichwani."

Kila siku jioni mambo yalikuwa yale yale. Najwa, msichana wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni, akamkuta Mama ameketi kwenye kigoda kando ya mlango wa bafu, kompyuta mapajani. Rauta yao ya zamani, ile mashine ya kusambaza mtandao nyumbani, ilikuwa na kichaa chake. Sebuleni mtandao ulikataa, jikoni ulikataa, lakini mlangoni pa bafu ulikubali.

"Mama, kweli utafundisha watu ukiwa hapo?" Najwa aliuliza.

"Mwanafunzi haoni bafu, anaona uso wangu," Mama alijibu. "Shida ni kwamba uso wenyewe unaganda kila baada ya dakika mbili."

Mama alikuwa amefundisha Kiswahili kwa miaka tisa, mpaka shule yao ilipofungwa mwaka uliopita. Tangu hapo alikaanga mahamri ya kuuza, lakini moyo wake ulibaki darasani. Sasa shule moja ya mtandaoni ilikuwa imekubali kumjaribu. Jumamosi, saa nne asubuhi, angemfundisha Salmin, mvulana wa miaka tisa anayeishi ng'ambo na wazazi wake. Nyanya yake Salmin alikuwa Gilgil na alijua Kiswahili tu, naye Salmin alijua Kiingereza tu, kwa hivyo wawili hao walibaki kutazamana kwenye simu na kucheka. Mwalimu mkuu angeketi kwenye somo asikilize. Likienda vizuri, Mama angeajiriwa. Mtandao ukikatika, nafasi ingeenda kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana Baba, aliyekuwa na duka la vipuri vya magari, aliamua kubadilisha rauta. Alinunua ile mpya kabisa, ya waifai ya kizazi cha saba. "Wewe uko gredi ya saba, na waifai yetu iko ya saba," alimwambia Najwa. "Tuone ni nani atamshinda mwenzake."

Fundi alikuja Jumatano saa kumi jioni. Aliitwa Kipkirui, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole, mzaliwa wa Elburgon. Alikuwa ameanza kazi yake mwenyewe miezi sita tu iliyopita, na kila mteja alimpata kwa kusifiwa na mteja mwingine. Mama alikuwa uani akikaanga mahamri ya oda, mafuta yakichemka, hawezi kuyaacha.

"Najwa," aliita, "simama na fundi. Kila atakalosema uliandike. Mimi na baba yako haya mambo hatuyajui."

Kipkirui alipigilia msumari juu ukutani, katikati ya sebule, akaitundika rauta. Taa yake ilipokuwa nyeupe, akageuka.

"Andika, msichana," alisema. "Hii mashine iko na mbio sana, lakini haipendi kufungiwa. Usiiweke kwa kabati. Usiiweke karibu na kioo ama vyuma. Na usiifunike na kitu yoyote, inataka kupumua. Umeandika?"

"Nimeandika, fundi," Najwa alijibu bila kuinua macho. Alikuwa tayari amefungua video ya mashindano ya kupamba keki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake keki ilipambwa mwanzo hadi mwisho bila kuganda. Daftari lilikuwa mapajani pake. Halikuwa na hata nukta.

Kipkirui alimuaga Mama uani, akapanda pikipiki yake, akaenda zake. Mama aliingia akijipangusa unga, akaitazama ile rauta nyeusi.

"Mbona inaning'inia huko juu kama popo? Fundi amesema iwekwe wapi?"

Najwa aliutazama ukurasa mtupu. Ingekuwa rahisi kusema, "Sikuandika, Mama, tumpigie simu." Lakini aliogopa kugombezwa, na video ilikuwa inakaribia kumtaja mshindi.

"Popote tu, Mama," alisema.

Maneno matatu. Hayakumtoa hata jasho.

Basi Mama akaishusha rauta na kuiweka mahali pa heshima, ndani ya kabati la vioo. Ilikaa kati ya chupa ya chai ya chuma na vile vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea, na nyuma yake kulikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia. Alhamisi jioni alimaliza kufuma kitambaa cha kijani na nyeupe, akaifunika rauta mpaka chini.

"Sasa na yenyewe ni ya nyumba hii," alisema kwa furaha. "Unaionaje?"

Maneno ya fundi yalimrudia Najwa waziwazi: inataka kupumua. Alimtazama Mama, akaona jinsi alivyofurahi. "Imependeza," alisema. Huo ulikuwa uongo wa pili, kwa sababu uongo haupendi kukaa peke yake.

Ijumaa alasiri Mama alijaribu mitambo. Baba alimpigia kwa video kutoka dukani, na uso wake ukaganda mdomo wazi. Mtandao ukapotea, ukarudi, ukapotea tena. Mama alihama na kompyuta kutoka sebuleni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi kwenye kigoda chake cha zamani. Hata mlangoni pa bafu, siku hiyo, palikataa.

"Heri ile ya zamani," alisema kwa sauti ndogo. Akaketi pale na kitabu chake cha maandalio mapajani. Najwa aliona afadhali angefoka.

Baba aliporudi alimpigia fundi. Kipkirui alikuwa juu ya paa la mteja huko Longonot, na upepo ulikula maneno yake. "Mzee, sikusikii! Kesho asubuhi nitakuja!" Laini ikakatika.

"Umesikia hiyo?" Baba alisema kwa hasira. "Ametuuzia mtambo bandia, sasa anajificha nyuma ya upepo."

Wakati huo jirani yao, Mama Shiko, alikuwa mlangoni amefuata mahamri yake. Mama Shiko alikuwa na nyumba sita za kupangisha.

"Haiya! Fundi yupi? Kipkirui?" aliuliza. "Na vile nilikuwa nimemwambia Jumatatu aniwekee waifai kwa nyumba zote! Asante kwa kuniambia, Baba Najwa. Huyo namfuta leo."

Najwa alikuwa anakula. Alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. Alijua vizuri ni nani aliyestahili kufutwa, na hakuwa fundi.

Jumamosi, saa tatu na nusu, Mama alikuwa amevaa buibui safi na mtandio wa samawati, lakini hakuwa na mtandao. Kipkirui hakuwa amefika. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba foleni ya malori ilikuwa imemkwamisha karibu na Gilgil, na Baba hakuamini. Aliketi kwenye kochi, simu mkononi, akiandika kwa kidole kimoja.

"Naweka kwenye kundi la mtaa," alisema, akasoma kwa sauti. "Majirani, jihadharini na fundi anayeitwa Kipkirui. Vifaa vyake ni bandia, na kazi yake ni ya utapeli. Kundi lina watu mia mbili. Wacha wote wamjue."

Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye kitufe cha kutuma.

"Baba, usitume!"

Najwa hakujua alisimama saa ngapi. "Si kosa lake. Alisema isiwekwe kabatini. Alisema isifunikwe, inataka kupumua. Aliniambia niandike, nami sikuandika, nilikuwa natazama video. Mama aliponiuliza, nikamdanganya."

Baba aliiweka simu chini taratibu. Mama alimtazama Najwa, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Tuna dakika ishirini na tano," alisema. "Ya kukugombeza yapo, hayatakimbia. Fungua kabati."

Kitambaa cha kijani kilikuwa na joto kama kilichotoka kupigwa pasi. Baba alimpigia fundi tena, akaweka sauti juu, na Najwa mwenyewe akaeleza yaliyotokea. Malori yalikuwa yakinguruma upande wa fundi.

"Sawa," Kipkirui alisema. "Usiogope, haijaharibika. Ikishika moto sana inapunguza nguvu, saa ingine inajizima. Na hiyo kioo inarudisha mtandao nyuma. Sasa izime. Iache ipoe dakika kumi, usiiharakishe. Alafu irudishe kwa ile msumari yangu. Bado iko?"

"Bado upo, fundi."

Hizo zilikuwa dakika kumi ndefu kuliko zote alizowahi kuziona Najwa. Baba alipepea rauta kwa gazeti. Mama alitembea huku na huko akinong'ona dua. Kisha Najwa akapanda juu ya kiti, akaitundika, akabonyeza swichi. Taa ikawa nyekundu. Ikawa ya manjano, ikakaa hapo, ikakaa. Saa nne kasoro dakika tatu, ikawa nyeupe.

Mama aliketi sebuleni, kwenye kiti cha kweli, mbali na bafu. Uso wa mvulana mwenye pengo la jino ulitokea kwenye kompyuta, na haukuganda.

"Hujambo, Salmin!"

"Si-jambo, mwalimu!"

Najwa alikuwa amejibanza jikoni, akisikiliza. Hakuna neno lililokatika. Salmin alipofika kwenye sentensi ya mwisho, "Nyanya, nimekukumbuka sana," aliirudia mara nne mpaka akaimudu, na mtu mzima upande wa pili akapiga makofi. Najwa alilia hapo hapo kando ya sinki, na kilikuwa kilio kitamu. Alihisi amepumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Kipkirui alifika somo likiendelea, helmeti mkononi. Baba alimpokea getini kwa kidole mdomoni, akamkalisha uani, akammiminia chai na kumwekea mahamri. Kisha akafanya jambo ambalo Najwa, aliyekuwa ametoka jikoni, hakulitarajia. Alimpa fundi simu yake.

"Soma. Hiki ndicho nilichotaka kuwatumia watu."

Kipkirui alisoma polepole. "Mzee," alisema, "hii ingenimaliza."

"Najua. Nilikuhukumu kabla sijakuuliza. Nisamehe." Baba akaufuta ujumbe mbele ya macho yake. "Lakini Mama Shiko nilishamwambia, na amekufuta. Lazima mtu aende akamweleze."

Hakumtazama mtu yeyote, lakini Najwa alijua. "Nitakwenda mimi," alisema.

Mama Shiko alikuwa kwake anachambua maharagwe. Alimsikiliza Najwa mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza.

"Na umekuja mwenyewe kuniambia? Hujatumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Ngai, kumbe mtoto ako na roho safi. Basi mwambie fundi nimekosea. Jumatatu aje, na abebe misumari sita."

Najwa alirudi mbio. Alimkuta Mama uani, anacheka na kujipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amepata kazi, na angeanza wiki iliyofuata. Salmin alikuwa amemwomba mwalimu mkuu asimbadilishie mwalimu.

"Mama, nisamehe," Najwa alisema.

Mama alimvuta karibu. "Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Kutoandika kulikuwa kosa la mtoto. Ungeniambia siku ile, ningekukaripia kidogo, tungempigia fundi, yakaisha. Uliposema 'popote tu,' ulichukua kosa lako ukambebesha mtu mwingine, naye hata hakujua amebeba nini. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini kabla haijafika mwisho inaweza kupitia juu ya mgongo wa mtu asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo la kukutosha wewe mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Na vitambaa vyote vya nyumba hii utavifua kesho. Vyote. Mpaka cha redio ya babu."

Baba alikohoa kuficha kicheko. Mama akakikunja kile cha kijani na nyeupe, akampa Kipkirui. "Mpelekee mama yako Elburgon. Rauta yangu imekataa nguo."

"Mathe wangu atafunika televisheni nayo," fundi alisema akicheka. Akamgeukia Najwa, akainua kidole kama siku ile. "Haya, tuanze upya. Isiwekwe wapi?"

Najwa tayari alikuwa na daftari. Aliandika yote, kwa hati nzuri, moja baada ya nyingine.

"Umeandika?" Kipkirui aliuliza.

Najwa aliligeuza daftari, akamwonyesha.