Sahani Aliyoirudisha Piera

Ilikuwa Jumanne ya soko mjini Faenza, watu wanasukumana, na Baldo mchora sahani amesimama kwenye meza ya michoro ya kuchapwa iliyotoka Roma, joho lake lina madoa ya buluu hadi kwenye kola. Piera, binti wa muuzaji, ndani ya gauni la kijani, akamtazama weee, kisha akamwambia karatasi ameishika kichwa chini miguu juu. Baldo akacheka kuliko ilivyostahili. Tangu hapo hakukosa Jumanne hata moja.

Miezi minane wakataniana, wakapendana. Kisha Baldo, badala ya kuzungumza na Piera, akaenda kuzungumza na baba yake. Wanaume hawa! Mzee akakubali. Ikabaki sahani ya uchumba tu, yenye uso wa binti katikati na nakshi pembeni.

Ikaletwa. Uso ulipendeza mpaka majirani wakaja kuutazama. Lakini pembeni alizunguka msichana anayekimbia, vidole vyake vikichipua majani, na mwanamume nyuma yake. Piera akairudisha siku ileile. Baba akakasirika, akasema basi, kuna mgane wa Imola anayengoja jibu Jumapili.

Baldo akaja mbio, hana hata kofia.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Umenichorea Dafne, halafu unaniuliza?"

"Dafne ndiye nani?"

Piera alidhani ni mzaha. Alipomtazama vizuri akaona hachezi. Baldo akakiri, masikio yamemwiva, kwamba kusoma hajui. Hunakili tu, na ile nakshi aliipendea majani. Alidhani wale wawili wanacheza ngoma.

Hasira za Piera zikapungua nusu. Akamhadithia jinsi mungu Apolo alivyomtamani Dafne akamkimbiza, naye binti akamlilia baba yake, mungu wa mto, akageuzwa mti ili aponyoke.

Baldo akauliza, "Na huyo Apolo, alimwuliza kama anamtaka?"

"Hakumwuliza. Hata wewe hukuniuliza. Ulikwenda kwa baba."

Hilo ndilo lililokuwa likimchoma siku zote, na sasa amelisema.

"Nimekosa. Nakuuliza leo, Piera. Unanitaka? Ukisema hapana naondoka, na sitakufuata hata hatua moja."

Piera alimpenda, wala hakuwa na shaka. Ila aliketi akafikiri taratibu, kwa raha ya mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza maishani. Baldo hakusogea.

"Nakutaka," akasema mwishowe. "Nenda kamwambie baba. Mwambie ni mimi niliyesema."