Kipengele cha Saba

Kila jioni babu alirudi kutoka karakana ya halmashauri akinuka dizeli, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaketi kwenye kiti chake na kuita, "Redio, washa!" Redio ni mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa kumsomea gazeti, kwa sababu miwani yake aliisahau kazini kila siku iendayo kwa Mungu.

Babu alikuwa fundi mkuu wa magari. Dereva akimletea lori, hakugusa hata skrubu moja kabla dereva hajataja kasoro zote za gari. "Ukinificha mlio mmoja tu, ondoka na gari lako!" alikuwa akiwafokea. Madereva walimwogopa kuliko askari wa barabarani.

Wiki ile ilikuwa ya mwisho kwake kazini, maana Ijumaa alikuwa anastaafu. Mezani petu palikuwa na fomu mbili. Moja ilikuwa ya bima ya afya ya serikali. Mfanyakazi aliyeirudisha kabla siku yake ya mwisho haijaisha angeendelea kutibiwa, yeye na mkewe, maisha yao yote. Akichelewa, basi tena. Ya pili ililetwa na wakala wa kampuni fulani ya bima, kijana aliyecheka hata pasipo na kichekesho, nasi tukambandika jina la Bwana Meno. Aliahidi hospitali zisizo na foleni. Tena aliahidi begi jipya la shule kwa mjukuu wa kila atakayejiunga.

Nililitaka begi lile mpaka nikaliota. Langu lilikuwa limeshonwashonwa na bibi mara tatu, na wenzangu darasani walinicheka waziwazi.

Jumatano babu alinipa fomu ya Bwana Meno. "Nisomee yote," alisema.

Nikasoma vizuri mpaka nilipofika kipengele cha saba. Hapo macho yangu yaliutangulia ulimi: "Kampuni haitagharimia ugonjwa ambao mwanachama au mwenzi wake alikuwa nao kabla ya kujiunga." Bibi alikuwa na kisukari. Kila asubuhi alijidunga sindano ya insulini kabla ya kukaa kwenye cherehani chake. Nilielewa kabisa maana ya maneno yale. Nikarukia kipengele cha nane.

"Mbona iko safi tu," alisema babu. "Foleni za bima ya serikali zimenichosha. Kesho namkabidhi yule kijana." Akatia sahihi palepale.

Bibi alitoka chumbani mwake na gauni la mteja begani, pini bado ziko mdomoni. Alizitoa moja moja. Nilijua kuna balaa.

"Nani kasaini nini?"

"Bima, mama," alisema babu. "Nimeshachagua."

"Umechagua? Mgonjwa wa nyumba hii ni nani, Mzee? Ni mimi! Anayedungwa sindano ni mimi! Nipo hapo nyuma ya ukuta nashona, mmeshindwa hata kuniita?"

"Lakini anayestaafu ni mimi," babu alijibu kwa ukali.

"Staafu salama! Niambie kitu kimoja tu. Sindano zangu zimo humo?"

Babu alinigeukia. "Redio, zimo?"

Ningeweza kusema zimo. Begi lilikuwa karibu kabisa. Lakini nilimtazama bibi, nami nikapandwa na hasira. Nilimchukia Bwana Meno na begi lake, na zaidi ya wote nilijichukia mwenyewe.

"Hazimo," nilisema. "Imeandikwa kwamba hawalipii. Nimeruka. Nilitaka begi."

Babu alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Umeruka! Miaka thelathini nafukuza madereva wanaonificha kasoro, kumbe ninaye mmoja ndani ya nyumba yangu!"

Nililia, lakini hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili kubembelezwa.

"Na wewe usijisafishe," bibi alimwambia babu. "Miwani iko wapi? Malori ya watu unayakagua mpaka uvunguni, mkeo humuulizi hata swali moja."

Babu aliichukua fomu ya Bwana Meno, akaichana vipande vipande.

Ijumaa asubuhi tulikwenda sote watatu kwenye ofisi ya watumishi. Tulisimama kwenye foleni saa mbili nzima. Karani, mama mmoja asiye na mchezo, aliitazama fomu tupu ya serikali na kusonya. "Siku zote mlikuwa wapi? Saa sita nafunga."

Babu alivaa miwani yake, hata hivyo akanipa fomu. "Soma kwa sauti. Leo nakufuatia kwa macho."

Nilisoma kila mstari, naye akajaza. Tulipofika penye magonjwa ya mwenzi, alininong'oneza, "Hapo tuandike hana. Wakijua watamkataa."

Bibi alipiga kaunta kwa kiganja. "Andika kisukari! Miaka tisa!"

Watu wote waligeuka. "Mzee," alisema karani, "bima hii inampokea mtu pamoja na ugonjwa wake. Ukidanganya ndipo unapomtafutia mkeo matatizo."

"Hata presha yangu?" babu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hata presha. Andika upesi."

Akaandika. Saa sita kasorobo karani aligonga muhuri, akatupa nakala yetu.

Nje ya mlango nilimshika bibi mkono. "Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila hasira bado ninayo, niache nayo kidogo." Alisimama, akanitazama usoni. "Sikiliza. Ukimsomea mtu, msomee yote. Na pale unapotamani asisikie, hapo ndipo upaze sauti." Kisha akamgeukia babu. "Nawe, Mzee, kuanzia leo jambo la mwili wangu linaanza na mimi."

"Sawa, mama," alisema babu.

Bibi akatangulia kushuka ngazi, nasi tukamfuata.