Kutu Bila Kulika

"Kobe ameingia majini. Nkome. Saa nne."

Simu ya setilaiti, Thuraya, ikakatika.

Kwa lugha ya ofisi, maana yake: dhahabu inavushwa ziwani leo asubuhi. Kwa lugha ya mwili wa Maduhu: hulali tena.

Akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikalia. Magoti yake nayo yakalia.

Jasusi huyu alifundishwa kulenga shabaha gizani na kunyamaza chini ya mateso. Serikali ikampa tangi la samaki aoshe. Miezi saba! Alijifanya fundi wa pampu katika hoteli moja ya Geita, kwa sababu meneja wake, Selestine, alishukiwa kuwauzia wageni wa ng'ambo dhahabu ya magendo. Tangi la maji ya chumvi, mbali na bahari kiasi kwamba samaki wenyewe walionekana kujiuliza wamefikaje.

Simu ya kawaida ikaita. Vumilia, mtunza stoo wa hoteli. Yeye ndiye aliyemtonya tangu mwanzo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Mwaloni, Nkome. Selestine ana maboksi kumi na mawili. Eti vipuri chakavu vya pampu, vinarudishwa kiwandani."

"Hoteli ina pampu mbili."

"Ndiyo maana nakupigia! Na mtumaji wameandika jina langu. Yakikamatwa huko mbele, jela naenda mimi. Wanangu nitamwachia nani?"

"Usisaini."

"Nimeshasaini. Alisimama pembeni, mkono juu ya bastola."

Saa ya gari ilionyesha saa mbili na dakika kumi.

Akaongeza mwendo.

Mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, dagaa walikuwa wameanikwa mchangani hadi mahali pa kukanyaga hapakuonekana. Boti yenye injini mbili za Yamaha ilikuwa inanguruma tayari. Sajenti Mwita, polisi wa pale, alimpokea kwa uso wa mtu aliyekwisha kufunga jalada.

"Nimekagua, mzee. Uzito ni wa chuma. Sumaku haishiki, lakini stenlesi hii huwa haishiki. Kutu tupu. Vibali wanavyo."

"Nipe boksi moja."

"Moja tu. Ukikosa, wanaondoka, na mimi na wewe tutaandika maelezo mpaka tustaafu."

"Kustaafu ndiyo sala yangu."

Kuhusu kile kifaa cha kisasa cha kupimia madini, ofisi ilimjibu kwamba ombi lake linashughulikiwa. Tangu Machi.

Selestine akacheka aliposogea. "Fundi wangu! Kumbe ni serikali? Na vile ulivyokuwa unamkimbia kaa wa tangini!"

"Yule kaa ana roho mbaya."

Boksi likafunguliwa. Shafti za pampu, nene kama kidole cha mwisho, zimevaa kutu na ukoko wa chumvi. Vumilia alisogea karibu kutazama.

Maduhu akatoa kalipa, kipimo cha unene.

Mwanzo wa shafti: milimita kumi na mbili.

Katikati: kumi na mbili.

Mwisho: kumi na mbili.

Akachukua nyingine. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili.

"Selestine," alisema kwa uchovu, "nimekubadilishia shafti nne. Maji ya chumvi hayaleti kutu tu. Yanatafuna. Yanachimba vitobo, halafu punje za chumvi zinaingia kwenye bushi, ile pete inayoishika, zinasaga shafti mpaka inapata kiuno cha nyigu. Hizi zina kutu ya miaka mitatu na mwili wa jana."

Selestine akatupia jicho boti.

"Hii ni dhahabu iliyopakwa kutu. Sonara wako kule machimbo ya Rwamgasa kazitoboa ndani, maana dhahabu ni nzito, uzito ulingane na chuma. Akili nyingi. Lakini ili zionekane zimelika, ilibidi apige tupa. Ungemruhusu?"

Watu wa Rwamgasa hufagia sakafu ya sonara na kuchekecha vumbi lake. Nani huko angepiga tupa dhahabu ili unga upeperuke?

Mkono wa Selestine ukashuka kiunoni.

Bastola ya Maduhu, Glock 19, ilikuwa imeshamtazama usoni.

"Usinichoshe zaidi."

Mkono ukapanda. Maduhu akakwaruza shafti kwa ufunguo wa gari. Chini ya kutu, njano iling'aa kama kiini cha yai la kienyeji.

Mwita akapiga filimbi. Askari wakaivamia boti. Injini zikazimwa, pingu zikalia. Kisha sajenti akatoa pingu ya pili, akamgeukia Vumilia.

"Fomu ina jina lake, mzee. Na sahihi."

"Sahihi ya kushikiwa bastola. Alinipigia mzigo ukiwa bado nchi kavu. Simu yangu hii, soma saa. Andika: mtoa taarifa."

"Utaratibu…"

"Mwita. Nimechoka. Nikichoka huwa nakaa chini nasoma sheria kwa sauti, kifungu kwa kifungu."

Mwita akaandika.

Vumilia alisoma neno lile mara mbili, kisha akakaa juu ya gunia la dagaa, analia na kucheka kwa zamu.

Maduhu akaelekea garini. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Wavuvi wakanong'onezana: hayo ndiyo maringo ya majasusi.

Shingo tu ilikuwa imekaza.