Mtoto Aliyekufa Badala ya Mshindi

Jumatano, tarehe tatu ya mwezi wa sita, saa tisa na robo alasiri, chumba cha mwalimu kilianza kunuka jasho la farasi. Yeye na familia yake walikaa ghorofa ya tatu, na mtaa mzima haukuwa na farasi.

"Baba Kifaranga, umeanza kufuga?" mkewe alimtania kutoka jikoni.

Mwalimu alikuwa anamaliza kitabu cha historia. Sura ya mwisho ilikuwa ya kuwazia: ingekuwaje kama yule Mshindi aliyeteketeza miji arobaini angekufa akiwa na miaka tisa? Mwaka mzima alikuwa ameiandika miji ile ikiwa hai, masoko yake, visima vyake, wazee wake wakifa vitandani mwao. Kilichomshinda ni kifo chenyewe. Vitabu vilijaa vita vya Mshindi, lakini utoto wake haukuandikwa popote.

Basi akaazima. Binti yake wa pekee, Kifaranga, alikuwa na miaka tisa na kikohozi cha siku tatu. Mwalimu akampa yule mvulana kikohozi hicho, na kovu la goti la kushoto, na tabia ya kulala ameshika sikio. Kisha akamwua, kwa sentensi nzuri sana.

Kwao ukurasa haukuhesabiwa umekamilika mpaka mke ausome kwa sauti. Aliusoma amesimama, mikono bado ina unga. Alipofika mwisho aliuweka mezani.

"Huyu ni mwanetu."

"Nimeazima tu, mama. Ni karatasi."

"Kuna vitu haviazimwi."

Ndipo wakagundua kikohozi kimenyamaza chumba cha pili, na kwenye ngazi kwato zinapanda, moja, halafu nyingine, bila haraka, kama za mnyama anayeongozwa na mtu anayeijua nyumba, zikapita mlango uliofungwa, zikapita korido, na ile harufu ikawa nzito kiasi kwamba mke alijifunika pua kwa kanga huku akikimbia, na walipofika kitandani godoro lilikuwa limebonyea miguuni pa mtoto, na aliyelibonyeza hakuonekana.

Kifaranga alifumbua kinywa. Sauti ilikuwa ya kizee.

"Miaka mia saba namlinda Mshindi, akiwa hai na akiwa kaburini. Leo nimesikia kifo chake kikisomwa. Kikishasomwa lazima kipate mwenyewe, na hatakuwa yeye."

"Aliyeandikwa ni mvulana," mama alinong'ona. "Huyu ni msichana, bwana wee. Muache."

"Mimi nimeelezwa kovu. Kovu ni hili."

Shuka ikajifunua gotini.

"Mwalimu," sauti ikasema kwa upole, "tamka kwamba Mshindi aliishi, nami nitaondoka."

"Tamka, baba!" mke alimvuta shati. "Aishi! Achome anachotaka!"

Mwalimu alifungua mdomo. Akaiona miji yake arobaini, watu waliokwisha kufa zamani ambao yeye amewafufua mmoja mmoja kwa mwaka mzima, na, Mola amsamehe, akawaza kwamba huenda ipo njia ya kubaki na vyote viwili.

"Nipe dakika moja tu, nifi—"

"Nimekupa."

Godoro likainuka. Kifaranga alikohoa mara moja, kwa sauti yake mwenyewe, akasema, "Baba," na hakuvuta pumzi nyingine.

"Aliishi!" mwalimu akapiga kelele. "Aliishi! Aliishi!" Alikuwa bado anayasema hayo majirani walipoingia, wakadhani anamsema mtoto, wakalia.

Mkewe hakumsomea tena, wala hakumwita tena Baba Kifaranga. Kitabu kilipomfikia, mchapishaji aliandika kwamba kifo cha yule mvulana kimewatoa machozi ofisini, kisiguswe hata neno.

Ee Mola, mpokee mtoto huyu aliyebebeshwa kifo kisicho chake, umlaze mahali pasipo na hofu. Na wale wa miji arobaini, waliokosa wa kuwaombea kwa kuwa waombaji wao walikufa pamoja nao, uwarehemu wote. Amina.